Ajira serikalini: Mlango wa kwanza ni vyeti

ENEO la Feri jijini Dar es Salaam, ambako pantoni ya Kigamboni hushusha abiria na mabasi ya mwendokasi humaliza njia yake Kivukoni, linafahamika vyema kwa watafuta kazi. Ofisi ya Rais, Utumishi ilikuwa Barabara ya Kivukoni namba 8 kabla ya Serikali kuhamia Dodoma, na Chuo cha Utumishi wa Umma kina tawi lake Magogoni.

Chombo kinachosimamia sehemu kubwa ya ajira hizo ni Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, iliyoundwa kwa Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002 kama ilivyorekebishwa kwa Sheria Na. 18 ya mwaka 2007. Ilipokuwa Dar es Salaam, ofisi zake zilikuwa majengo ya Maktaba, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, na barua za maombi zilipelekwa kwa posta. Sasa ipo Dodoma na maombi hupokelewa kwa mtandao, kupitia Ajira Portal.

Mwombaji hujisajili, huandika barua iliyosainiwa, huambatanisha wasifu wake, vyeti vilivyothibitishwa na wakili, na majina ya wadhamini watatu. Baada ya hapo ni kusubiri tangazo la kuitwa kwenye usaili. Asiyeona jina lake huhesabiwa kuwa hakukidhi vigezo.

Aliyeitwa naye hajavuka. Siku ya usaili hutakiwa kuwa na kitambulisho na vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na cha sita hadi vya taaluma. Matangazo ya Sekretarieti husema wazi kwamba hati za matokeo na matokeo ya muda hazikubaliwi. Aliyesoma nje ya nchi lazima vyeti vyake viwe vimehakikiwa na mamlaka husika, kama TCU kwa shahada au NECTA kwa sekondari. Mwenye majina yanayotofautiana, hata kwa herufi chache, hutakiwa kuleta hati ya kisheria inayoyathibitisha. Jambo hilo halimalizwi kwa kubembeleza mlangoni asubuhi ya usaili.

Ukali huo una historia. Aprili 28, 2017, Rais John Magufuli alipokea mjini Dodoma ripoti ya uhakiki iliyoonyesha watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi.

Usaili wenyewe huanza na mtihani wa mchujo wa kuandika. Kwa kada kama udereva au uchapaji huwapo pia usaili wa vitendo, kisha mahojiano ya ana kwa ana mbele ya jopo. Kila hatua huwa na orodha yake ya waliochaguliwa kuendelea, na chakula, usafiri na malazi ni juu ya msailiwa. Kijana wa Kariakoo anayeitwa Dodoma mara mbili hulipa nauli mara mbili, iwe atapata kazi au la.

Ushindani nao ni mkubwa. Juni 2014, zaidi ya watu 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, wakisaka nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Mwaka 2025, Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), yenye makao yake makuu barabara ya Sokoine, ilipata waombaji zaidi ya 135,000 kwa nafasi 1,596, yaani zaidi ya watu 80 kwa nafasi moja.

Kwa hali hiyo, kufaulu mahojiano hakumaanishi kupata kazi papo hapo. Waliofaulu bila kupata nafasi huhifadhiwa kwenye kanzidata ya Sekretarieti, na nafasi zikitokea huweza kupangiwa kituo bila usaili mwingine. Majina yao hutoka kwenye tangazo la kuitwa kazini, ambalo huwa na siku ya mwisho ya kuripoti kwa mwajiri, tena na vyeti halisi mkononi.