Dola ya Njano: Kanuni za Matangazo za YouTube, Kutoka California Hadi Ufuko wa Qantab

Qantab ni kijiji cha wavuvi kilichojibana kati ya majabali na bahari, si mbali na mji wa kale wa Muscat. Ukishateremka mlima unakutana na ufuko mdogo, boti za faiba zimevutwa mchangani na nyavu zimerundikwa pembeni. Alfajiri boti hizo ni za samaki. Siku za mapumziko, Ijumaa na Jumamosi, baadhi ya wavuvi huwapakia wageni kwenda kuliona tao la mwamba huko Bandar Jissah, na likishatokeza tu, simu zote hutoka mifukoni.

Miongoni mwa simu hizo zimo zinazosimulia kwa Kiswahili. Oman ina Waswahili wa tangu zamani, watoto na wajukuu wa familia zilizorudi kutoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kuwaita Waomani wa ng'ambo warudi kujenga taifa. Ina pia Watanzania, Wakenya na Waganda waliofuata riziki, wengi wao wanawake wanaofanya kazi za ndani. Video ya Qantab iliyosimuliwa kwa Kiswahili ina watu wa kuitazama Unguja, Mombasa, Dar es Salaam, na hapa hapa Oman, Seeb na Ruwi. Kama ina wa kuilipia ni jambo jingine. Hilo linaamuliwa na kanuni za matangazo ambazo zimebadilishwa mara nyingi tangu 2007, na mabadiliko makubwa zaidi yalizaliwa na fujo iliyotokea mbali, kisha yakamwangukia mtu ambaye hakuwamo.

YouTube ilianzishwa 2005, na mwaka uliofuata Google ikainunua kwa dola bilioni 1.65. Mwaka 2007 ukaanza mpango wa kugawana fedha za matangazo, kwanza kwa watu wachache ambao kampuni iliwachagua yenyewe. Afrika Mashariki ilikuwa bado inatazama kutoka pembeni. Machi 2010 Just a Band ya Nairobi ilitoa video ya wimbo wake "Ha-He", na mhusika wake Makmende akazungumzwa Kenya nzima hadi vyombo vya habari vya nje vikamwandika. YouTube ilikuja kufungua ukurasa wa Kenya mwaka 2011. Nchi nyingine ziliingizwa katika malipo polepole, na kwa miaka kadhaa aliyekwisha kuingizwa hakuwekewa kizingiti chochote: hata chaneli changa iliweza kubandikwa matangazo, na mwenye video akapata asilimia 55 ya kilicholipwa. Kiasi kilikuwa kidogo, lakini mlango ulikuwa wazi.

Mwaka 2017 ndio uliogeuza mambo. Gazeti la The Times la London lilifichua kuwa matangazo ya kampuni kubwa yalikuwa yakionekana kwenye video za watu wenye itikadi kali. Kufikia Machi, serikali ya Uingereza, gazeti la The Guardian, AT&T, Verizon na wengine wengi walikuwa wamesimamisha matangazo yao. Aprili, YouTube ikatangaza kuwa chaneli isiyofikisha kutazamwa mara 10,000 haiwekewi matangazo. Mashine za kukagua video nazo zikaongezewa ukali, na watengenezaji wakaanza kuiona kwa wingi ile alama wanayoijua wote leo: dola ya kijani ikimaanisha video inalipa, dola ya njano ikimaanisha matangazo yamepunguzwa au hayapo kabisa.

Haikuishia hapo. Tarehe 16 Januari 2018 kizingiti kikapandishwa: watu 1,000 waliojiunga na chaneli, na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Walionyimwa malipo waliambiwa kwamba asilimia 99 yao walikuwa wakipata chini ya dola 100 kwa mwaka, maana yake hasara yao si kubwa. Hoja hiyo mimi siikubali. Dola 80 kwa mwaka ni bando la intaneti la miezi, na kwa anayeanza ni ushahidi wa kuwaonyesha wazazi kwamba anachofanya na simu ile ni kazi.

Saa 4,000 ni dakika 240,000. Video ya dakika tano inayotazamwa mwanzo hadi mwisho lazima itazamwe mara 48,000, na ni wachache wanaotazama hadi mwisho. Kipande cha sekunde 40 cha boti ikipita chini ya tao la Bandar Jissah, kikiwekwa kama video fupi, hakihesabiwi katika saa hizo. Video fupi zina kizingiti chao, kutazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Namba hizi ni zile zile kwa anayezungumza Kiingereza na dunia nzima, na kwa anayezungumza Kiswahili na watu ambao wengi wao hununua bando kwa siku na kulitumia kwa hesabu.

Bei, kwa upande wake, hailingani kamwe. Nafasi ya tangazo huuzwa kwa mnada unaoendeshwa na kompyuta kufumba na kufumbua, kama samaki wa soko la Feri, Dar es Salaam, ila hapa anayenadiwa ni mtazamaji. Anayetazama akiwa Muscat au London hugombewa na kampuni nyingi zenye fedha. Anayetazama akiwa Tanga hana wagombezi wengi. Kwa hiyo mtu anayepiga video Qantab, katika nchi ya Ghuba yenye gharama za Ghuba, akizungumza Kiswahili hulipwa kwa sehemu kubwa kwa bei ya Tanga. Akizungumza Kiingereza kuhusu ufuko ule ule, kipato kinabadilika. Wapo wanaohama lugha kwa sababu hiyo, na mimi siwalaumu.

Tanzania ilipata pigo la pili kabla la kwanza halijapoa. Kizingiti cha YouTube kilianza kutekelezwa tarehe 20 Februari 2018; mwezi uliofuata zikatoka kanuni za maudhui ya mtandaoni chini ya mamlaka ya mawasiliano ya nchi, TCRA, zikiwataka wenye blogu na televisheni za mtandaoni kukata leseni. Ada ya maombi, ya leseni na ya mwaka zikijumlishwa zilifika shilingi milioni 2.1, zaidi ya dola 900. Juni mwaka huo jukwaa la mijadala la JamiiForums lilisimamisha huduma zake kwa muda. Ada zilikuja kupunguzwa baadaye, lakini fikiria hali ilivyokuwa 2018: unadaiwa milioni mbili ili uruhusiwe kupandisha video, na huyo unayempandishia anakwambia bado hujafikia kiwango cha kulipwa.

Mabadiliko yaliyofuata yalikuja moja baada ya jingine. Mwaka 2019 Google ilikubali kulipa dola milioni 170 kumaliza shauri la Marekani kuhusu kukusanya taarifa za watoto, na kuanzia Januari 2020 video za watoto zikaondolewa matangazo yanayomlenga mtazamaji binafsi, ambayo ndiyo yenye bei. Ubongo Kids, katuni ya watoto ya Dar es Salaam, ina shirika lisilo la kibiashara nyuma yake. Kijana anayechora katuni za Kiswahili peke yake hana. Mapema 2020 video zilizotaja korona zilizuiliwa matangazo kama habari za msiba. Ruhusa ya watu wote ilitolewa Aprili, siku chache kabla mkoa wa Muscat haujafungwa. Novemba 2020 masharti mapya yakaipa YouTube haki ya kuweka matangazo hata kwenye chaneli zisizofikia kizingiti bila kumpa mwenye chaneli chochote. Maana yake video ndogo ina thamani ya kutosha kuuziwa tangazo, ila haina thamani ya kutosha kumlipa aliyeitengeneza. Katika historia yote hii sijaona kifungu kilicho wazi kuliko hicho kuhusu nani yupo kwa ajili ya nani.

Katikati ya 2021 ikaja kodi ya Marekani: asilimia 30 ya mapato yanayotokana na watazamaji walioko Marekani, kwa nchi zisizo na mkataba wa kodi ya mapato nayo. Oman, Tanzania na Kenya zote hazina. Oman ilikuwa haimtozi mtu binafsi kodi ya mapato, hivyo wapo waliopata kipato chao cha kwanza na kukatwa kodi yao ya kwanza na nchi ambayo hawajawahi kuikanyaga.

Kuna pia barua. Mapato yakifika dola 10, Google hutuma kwa posta namba ya siri ya kuthibitisha anwani, na usipoiingiza ndani ya miezi minne matangazo husimamishwa. Utaratibu huo unafaa nchi ambayo tarishi anafika mlangoni. Oman, kama Tanzania na Kenya, barua za wengi huenda kwenye sanduku la posta, na mfanyakazi wa ndani hutumia sanduku la mwajiri wake kama analo. Mwenye fedha zake humbidi amwombe bosi amletee barua ya Google.

Na mfanyakazi huyo ndiye anayenifanya nilione suala hili kuwa zito kuliko hesabu za dola. Novemba 2017 Human Rights Watch ilitoa ripoti kuhusu mateso ya Watanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Tangu hapo wanawake wenyewe wameendelea kusimulia kwa simu zao: mkataba unasemaje, pasipoti ishikwe na nani, ukipigwa uende wapi. Kwa anayejiandaa kupanda ndege kuja Muscat, hakuna video ya Kiswahili yenye faida kuliko hizo. Lakini hadi mwanzoni mwa 2026 ukatili wa majumbani na udhalilishaji wa kingono vilitajwa kati ya mada zinazoweza kupunguziwa matangazo. Maji ya buluu ya Qantab yalipata dola ya kijani, na dada aliyeeleza alivyotoroka aliweza kupata ya njano. Hakuna aliyekaa kuamua kumnyamazisha. Kanuni iliyoandikwa kuwatuliza watangazaji wa London ilimfikia yeye, na aliyetegemea kipato hicho alijifunza upesi kupiga video za ufukweni.

Mwaka 2023 YouTube ilishusha kizingiti hadi watu 500 na saa 3,000, lakini kwa njia kama michango ya mashabiki, si kwa matangazo, tena kwa kuanzia nchi chache: Marekani, Uingereza, Kanada, Taiwan na Korea Kusini. Matangazo yamebaki kwenye 1,000 na 4,000.

Bei ya tangazo inafuata nchi na soko. Kizingiti nacho kinaweza kupangwa kwa lugha na soko. Kanuni hizi husogea zinaposukumwa: malipo ya Facebook na Instagram yalifunguliwa Kenya mwaka 2024 baada ya Rais William Ruto kulifuatilia suala hilo na viongozi wa Meta, kampuni ya mitandao hiyo, na tangazo likatolewa Nairobi, mmoja wa viongozi hao, Nick Clegg, akiwa pamoja naye. Ombi la kizingiti cha Kiswahili linaweza kupita njia hiyo hiyo, na Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyokwisha kukubali Kiswahili kuwa lugha yake rasmi, ina uzito wa kulipeleka.