Liemba, meli ya vita iliyowarudisha wakimbizi Uvira

Hombo hakuna ziwa. Kuna mto unaotenganisha Walikale na Kalehe, na kuna barabara ya Bukavu inayopitisha watu na mizigo yao kila vita vinapowaka. Hata hivyo, jina la kwanza la meli kongwe kuliko zote za ziwa Tanganyika lina alama yake upande huu. Iliitwa Graf von Götzen. Huyo Götzen alikuwa afisa Mjerumani aliyefika ziwa Kivu mwaka 1894, akapanda Nyiragongo, kisha akakata misitu kuelekea magharibi mpaka mto Kongo. Baadaye akawa gavana wa Wajerumani huko Dar es Salaam, na ni katika utawala wake vita vya Maji Maji vilipozimwa kwa moto na njaa. Ndilo jina waliloipa meli.

Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Walipomaliza kuiunga waliifungua tena, kipande kwa kipande, wakaipakia ndani ya makasha kama 5,000. Makasha yalipita baharini mpaka Dar es Salaam, yakapanda gari la moshi, na kule Kigoma mafundi watatu kutoka Papenburg wakaiunga upya pamoja na wafanyakazi Waafrika ambao majina yao hayatajwi katika habari hizi. Ilishuka majini tarehe 5 Februari 1915. Urefu wake ni mita 71 hivi.

Wakati huo vita vya kwanza vya dunia vilikuwa vimeshafika ziwani. Wabelgiji walishika upande wa Kongo, Wajerumani upande wa pili. Waingereza nao walileta vimashua viwili vya mbao, Mimi na Toutou, vilivyovutwa kupitia Katanga kwa mashine, kwa ng'ombe na kwa mikono ya wenyeji, mpaka vikatiwa majini karibu na mahali panapoitwa leo Kalemie. Vimashua hivyo vidogo vilisaidia kuwanyang'anya Wajerumani nguvu ya ziwa. Meli kubwa yenyewe haikupigana navyo. Mzinga wake ulikuwa umeondolewa kwenda kupigana nchi kavu, mahali pake pakawekwa mzinga wa uongo wa mbao ili ionekane bado inatisha.

Wabelgiji walipokaribia Kigoma, Wajerumani waliamua kuizamisha wenyewe. Hapa ndipo habari ya kuihifadhi inapoanza, na ilianza na mafundi wale wale walioiunga. Walizipaka mashine grisi nzito ili maji yasizile, wakajaza mchanga ndani, kisha tarehe 26 Julai 1916 wakaishusha polepole karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Walitumaini kurudi kuichukua. Hawakurudi. Wabelgiji waliiinua baada ya vita lakini ikazama tena. Waingereza ndio waliofaulu, mwezi wa Machi 1924, na walipofungua mashine walikuta grisi imefanya kazi yake. Mwaka 1927 ilianza safari ikiwa na jina jipya, Liemba, jina la zamani la ziwa lenyewe upande wa kusini.

Toka hapo ilifanya kazi ya basi. Vijiji vingi vya pwani ya ziwa havina gati, kwa hiyo meli ilikuwa ikisimama mbali kidogo, ikipiga honi, na mitumbwi na maboti ya mbao yalikuwa yakiikimbilia yakiwa yamejaa watu, samaki wakavu, mbuzi na magunia. Miaka ya 1970 mashine za mvuke zilitolewa, zikawekwa za dizeli.

Kwa watu wa Kivu, mwaka wenye uzito ni 1997. Vita vilipozuka mwishoni mwa 1996, watu wa Uvira na Fizi walivuka ziwa kwa chochote kilichoelea, wakaingia kambi za Kigoma. Baada ya Mobutu kuanguka, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, HCR, liliitumia Liemba kuwarudisha. Ilikwenda na kurudi kati ya Kigoma na Uvira kwa miezi mitano, na idadi inayotajwa ni zaidi ya watu 75,000. Waliorudi walipata mwaka mmoja tu, au pungufu. Agosti 1998 vita vikaanza tena, na wengi wakavuka ziwa mara ya pili.

Mwaka 2015 zamu ikawa ya Warundi. Makumi ya maelfu walikuwa wamekwama Kagunga, kijiji chembamba kati ya mlima na maji, kipindupindu kikiwaua. Liemba iliwachukua mia sita hivi kwa safari kuwapeleka Kigoma. Kagunga pia haikuwa na gati. Walibebwa kwanza na boti za mbao.

Huko Ujerumani waliwahi kuwepo watu waliotaka irudishwe Papenburg ikakae kama kitu cha makumbusho. Ni wazo linaloeleweka kwa mji ulioiunda, lakini makumbusho hayawezi kumpeleka mtu Uvira. Ilichohitaji ni mabati mapya, mashine na pesa. Mwaka 2018 ilisimama Kigoma, na mwaka 2023 serikali ya Tanzania ilitia sahihi mkataba wa kuikarabati ili irudi kazini, mwili wake wa 1915 ukiendelea kubeba watu.

Kati ya Kigoma na upande wa Kongo, mizigo na abiria wanaendelea kuvuka kwa maboti ya mbao.