Miaka Miwili ya Miezi Kumi na Mmoja

Mtunza bustani wa Uingereza husia mbegu za ua la ukutani, Erysimum cheiri, mwishoni mwa Mei au mwezi Juni. Miche ikifikia urefu wa kidole huiatika kitaluni, sentimita 15 au zaidi kati ya mche na mche, na kuikata ncha ili itoe matawi. Oktoba huing'oa tena na kuipandikiza mahali pa kuchanulia, mara nyingi katikati ya matunguu ya tulipu. Aprili bustani inawaka manjano, chungwa na damu ya mzee, harufu tele. Maua yakisha, Mei, miche hung'olewa na kutupwa kwenye mboji.

Juni hadi Mei ni miezi 11. Hata hivyo vitabu vya bustani huuita mmea huu wa miaka miwili.

Istilahi yenyewe inatokana na Kilatini, bi na annus, yaani mbili na mwaka, na Kiswahili kimeifuata kwa uaminifu. Kosa la kisarufi hapo hakuna. Ila msomaji wa Limuru au Njombe ataelewa kwamba lazima angoje miezi 24. Je, iitwe “mmea wa misimu miwili”? Huko ndiko kupotea zaidi: penye vuli na masika, misimu miwili inaingia ndani ya mwaka mmoja.

Kinachohesabiwa hasa ni baridi. Mche hujenga kwanza mizizi na majani. Maua huja baada ya wiki kadhaa za baridi kali. Karoti, kitunguu na kabichi zina tabia hiyohiyo, ingawa mlaji wa Tanga hawezi kulaumiwa kwa kutowahi kuona ua la kabichi: huliwa kabla, na joto la pwani haliipi baridi inayoihitaji. Kabichi, kwa kweli, ni ya ukoo mmoja na ua la ukutani.

Kwa hiyo “mmea wa kuvuka baridi moja” ungeeleza mengi kuliko “miaka miwili”. Kabichi ingetosha humo bila taabu. Ua la ukutani haliingii vizuri, kwa kuwa kitaalamu ni mmea wa kudumu, japo umri wake si mrefu. Miaka miwili ni desturi ya mtunza bustani anayeung'oa. Hapa kitenzi kinasaidia kuliko nomino: huu si mmea wa baridi moja, bali hukuzwa kwa baridi moja. Kwenye kuta za ngome kuukuu, ambako hakuna wa kuung'oa, shina lake hukomaa likawa kama mti, na mwaka wa tatu unachanua tena.