Siri Yenye Ukomo: Usiri na Uwazi katika Ukaguzi wa Hesabu za Serikali

Ukaguzi wa hesabu za umma nchini Tanzania huvutwa na hoja mbili: kwamba kila anachokigundua mkaguzi kitangazwe papo hapo, na kwamba taarifa zake ni za Serikali mpaka Serikali iamue vinginevyo. Zote mbili zinakosea. Usiri ni halali unapolinda haki ya anayekaguliwa na usalama wa ushahidi, lakini ukomo wake lazima uwekwe na sheria, si hiari ya mwenye madaraka. Chukua hati ya malipo isiyo na stakabadhi. Mkaguzi huandika hoja, na afisa masuuli hutakiwa kuijibu. Stakabadhi ikipatikana katika jalada jingine, hoja hufungwa; isipopatikana, hoja huingia katika ripoti. Kabla ya majibu hayo, hoja bado ni swali. Anayeivujisha humhukumu mtumishi kabla hajasikilizwa, na humwamsha mwizi wa kweli akaharibu nyaraka.

Ukomo huo umo katika Ibara ya 143 ya Katiba ya mwaka 1977. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu humkabidhi Rais ripoti, na Rais huagiza iwasilishwe bungeni katika kikao cha kwanza kinachofuata, kabla ya siku 7 kupita tangu kikao kianze. Rais asipochukua hatua hiyo, Mkaguzi Mkuu huipeleka mwenyewe kwa Spika. Kwa hiyo Rais ni mpokeaji wa ripoti; hakupewa ufunguo wa kuifungia kabatini. Hata hivyo, ukomo huo unahusu kuwasilisha tu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 229, imekwenda mbele zaidi: inalitaka Bunge au bunge la kaunti lijadili ripoti na kuchukua hatua ndani ya miezi 3 baada ya kuipokea. Tanzania nayo inahitaji ukomo wa namna hiyo kikatiba, kwa kuwa ripoti isiyojadiliwa kwa wakati huwapa wahusika nafasi ya kuhamishwa au kustaafu kabla hawajaulizwa.

Wapo watakaosema kuwa matumizi ya ulinzi hayawezi kuanikwa, na kwamba kuchapisha ubadhirifu huvuruga upelelezi. Hoja hiyo ina uzito, ila inahusu maelezo, haihusu matokeo. Aina ya silaha, jina la mtoa taarifa na mbinu za wapelelezi vinaweza kusitiriwa. Kiasi cha fedha kilichokosa vielelezo, na taasisi iliyokitumia, havina sababu ya kufichwa daima. Na anayedai usiri ndiye abebe mzigo wa kuutetea, kwa maandishi, mbele ya kamati ya Bunge. Mtumishi anastahili muda wa kuitafuta stakabadhi yake. Muda huo ukiisha nayo haijaonekana, aliyelipa kodi ana haki ya kujua, katika tarehe ambayo hakuna ofisa anayeweza kuisogeza.