Kupoza prosesa ya kompyuta: Feni au maji?

PROSESA, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, hugeuza takriban umeme wote inaoutumia kuwa joto. Joto hilo lisipoondolewa, prosesa hupunguza kasi ili kujikinga. Ikizidiwa, mashine huzimika ghafla na kazi ambayo haijahifadhiwa hupotea.

Njia kuu za kuliondoa ni mbili: hewa na maji.

Kipoza cha hewa huwa na kitako cha chuma kinachogusana na prosesa, mapezi membamba ya alumini na feni. Vipoza vikubwa huwa pia na mirija ya shaba iliyozibwa, yenye kiowevu kidogo ndani. Kiowevu hicho hugeuka mvuke upande wa prosesa, hupoa kwenye mapezi, kisha hurejea kilikotoka.

Katika mfumo wa maji, pampu husukuma kiowevu kupitia bamba la shaba lililo juu ya prosesa hadi kwenye rejeta, mithili ya ile ya gari. Huko feni hupuliza joto nje ya kasha.

Ikumbukwe kwamba maji hayamalizi joto, bali hulihamisha tu. Mwishowe humwagwa katika hewa ile ile ya chumba, na hakuna njia kati ya hizi mbili inayoweza kuipoza prosesa chini ya joto la chumba hicho. Mkazi wa Mombasa, ambako joto la mchana hupita nyuzi 30 mwezi Machi, hawezi kuliepuka kwa kununua rejeta.

Wati ndizo kipimo

Kinachofaa kuangaliwa kwanza ni wati. Prosesa ya wati 65, inayotosha kazi za ofisi na masomo, hupozwa barabara na feni ya kawaida. Ryzen 7 7800X3D, iliyokadiriwa wati 120, huridhika na kipoza kizuri cha hewa.

Hali ni tofauti kwa Core i9-14900K iliyotolewa mwaka wa 2023, ambayo yaweza kufikia wati 253. Kwa anayehariri video au kuchora michoro mizito kwa saa nyingi mfululizo, rejeta kubwa ya milimita 360 ina manufaa.

Hasara nazo zipimwe. Feni ikifa, mapezi huendelea kuondoa sehemu ya joto, na feni mpya hupatikana kwa bei nafuu. Pampu ikifa, joto hupanda upesi, na mara nyingi mfumo mzima hulazimika kubadilishwa.

Kuvuja ni nadra, lakini hugharimu. Apple ilitumia kiowevu katika baadhi ya kompyuta zake za Power Mac G5 mwaka wa 2004, na baadaye baadhi zilivuja na kuharibika.

Kabla ya kununua kipoza cha hewa, pima nafasi iliyomo ndani ya kasha, kwani vile vikubwa hukaribia kimo cha milimita 165. Ukichagua maji, ifunge rejeta juu ya kasha ili mapovu ya hewa yasikusanyike kwenye pampu.

Na iwapo mashine uliyo nayo imeanza kupata joto jingi, ipanguse vumbi na ubadilishe krimu ya kupitishia joto kwanza. Huenda usihitaji kununua chochote kingine.