Brownie ya Kwanza, 1900
Eastman Kodak, Rochester, Marekani
Mbunifu: Frank Brownell

Kamera hii ni sanduku la kadibodi lililovishwa ngozi bandia. Iliuzwa dola 1, na filamu yake ya picha 6 senti 15, ili hata mtoto aimudu. Haina kidirisha cha kulengea: mpigaji alifuata mistari iliyochorwa juu ya sanduku, mengine akabahatisha.

Itazame nyuma. Mfuniko ni wa kuchomeka tu, kama wa boksi la viatu. Ulilegea ovyo, mwanga ukapenya na kuunguza filamu, hivyo Kodak wakaubadilisha mwaka huohuo. Kasoro hiyo ndiyo inayowatoa wakusanyaji pesa nyingi leo. Brownie za baadaye, zilizotengenezwa kwa mamilioni, bado hupatikana kwa bei ya chee.