Mahjub bin Adam: mtoto wa askari wa Dar aliyeigiza katika filamu za Berlin

Ukisimama gatini Kabwe jioni, wakati maboti ya dagaa yanapakia taa kwa ajili ya usiku, Ziwa Tanganyika limelala mbele yako kusini hadi Kasanga. Wajerumani walipaita Kasanga Bismarckburg, na mabaki ya boma lao bado yako pale juu ya maji. Hapa Ufipa historia ya Mdachi watu hawaisomi vitabuni tu. Iko katika mawe yale, na iko katika meli ya Liemba, iliyoundwa Papenburg mwaka 1913 ikiitwa Graf von Goetzen, ikaletwa Kigoma vipande vipande ndani ya masanduku, ikazamishwa na wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, kisha ikabeba abiria na magunia ya mwambao huu kwa miaka mingi.

Naanzia hapa kwa sababu vita vya Mdachi vilikomea jirani na sisi. Tarehe 25 Novemba 1918 Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alisalimisha jeshi lake Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, ng'ambo kidogo ya mpaka wa Zambia. Alikuwa na askari Waafrika zaidi ya 1,100. Wakateremshwa Bismarckburg, wakapakiwa melini, wakavushwa ziwa hili hadi Kigoma, na kutoka huko wakapelekwa Tabora. Wengi walikufa kwa homa kali ya mafua iliyoenea dunia nzima mwaka ule. Waliobaki walikuwa na vipande vya karatasi mkononi: hati za mishahara ambayo hawakuwa wamelipwa.

Mahjub bin Adam Mohamed hakuwamo katika msafara ule. Alikuwa ametekwa mwaka mmoja kabla, kusini, upande wa Lindi. Lakini deni alilolidai lilikuwa lile lile, na kwa kulifuata alifika Berlin, akaishia kuwa mwigizaji wa filamu za Kijerumani.

Alizaliwa Dar es Salaam tarehe 22 Februari 1904. Baba yake alikuwa Msudani, afande katika jeshi la kikoloni. Wasudani hawa walianza kuletwa mwaka 1889, pale Hermann von Wissmann alipokwenda Cairo kuandika wanajeshi wa kuja kumpiga Abushiri bin Salim na watu wake wa pwani. Walikaa, wakaoa, wakazaa, na watoto wao wakakulia kambini wakisema Kiswahili kama watoto wengine wa Dar. Mahjub alisoma Kijerumani akakimudu. Alipofikisha miaka 9 alikuwa tayari karani katika kiwanda cha nguo huko Lindi.

Vita vilipoanza mwaka 1914, baba na mwana waliingia jeshini pamoja. Mwana alikuwa na miaka 10. Waliwekwa watoto kama yeye kujifunza ishara, yaani kupeleka habari kutoka kilima hadi kilima. Oktoba 1917 alikuwa Mahiwa, katika pambano lililokuwa miongoni mwa mapambano mabaya kuliko yote ya vita vile katika ardhi yetu. Pale alijeruhiwa, na pale Waingereza wakamkamata. Alikuwa na miaka 13. Nimewahi kutazama watoto wa umri huo wakitoka shule hapa Kabwe, madaftari kwapani, nikajaribu kumweka mmoja wao Mahiwa. Sikuweza.

Baada ya vita alifanya kazi za kuhudumia watu, na kuanzia katikati ya miaka ya 1920 alikuwa mhudumu katika meli za abiria za Wajerumani. Ndivyo alivyofika Ulaya. Mwaka 1929 alishuka akaenda Berlin na madai yake: mshahara wake wa vita, na wa marehemu baba yake. Wizara ya Mambo ya Nje ikamjibu kwamba amechelewa.

Hapo mtu mwingine angerudi melini. Yeye alibaki. Akapata kazi ya uhudumu Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe katikati ya Berlin, lenye kumbi zilizopambwa kila mmoja kwa sura ya nchi fulani. Yeye aliwekwa katika baa ya mtindo wa wachunga ng'ombe wa Marekani. Mswahili wa Dar es Salaam, mwana wa Msudani, amevalishwa apendeze mandhari ya Marekani mbele ya wateja wa Kijerumani. Kwa kweli uigizaji wake ulianzia pale, kabla kamera yoyote haijamgeukia.

Kazi ya pili ilikuwa ya heshima zaidi, ingawa malipo yake yalikuwa madogo. Alifundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za mashariki cha Chuo Kikuu cha Berlin, chini ya Profesa Diedrich Westermann. Waswahili walikuwa wamefundisha pale tangu zamani. Amur bin Nasur wa Unguja alikuwapo miaka ya 1890. Baada yake alikuja Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, yule aliyetuachia kitabu cha desturi za Waswahili kilichochapishwa mwaka 1903. Mtoro alimwoa Mjerumani, na alipotaka kurudi kwao na mkewe, serikali ya kikoloni ikamkatalia asishuke naye. Akafia Berlin mwaka 1927, miaka miwili tu kabla Mahjub hajafika. Nafasi aliyoikuta Mahjub ilikuwa na historia hiyo nyuma yake: anayefundisha ndiye mwenye lugha, na anaitwa msaidizi.

Naye Mahjub alioa Berlin. Tarehe 27 Januari 1933 alifunga ndoa na Maria Schwandner, mwanamke Mjerumani wa Sudeten. Siku tatu baadaye Adolf Hitler akawa Kansela.

Watu weusi waliokuwa Ujerumani wakati huo walibanwa polepole. Kazi ziliwapotea, hati zao za uraia zikatiliwa shaka. Mahjub aliondoka Haus Vaterland mwaka 1935. Mlango mmoja ukabaki wazi, nao ulikuwa mlango wa ajabu: sinema. Watawala wale wale waliowadharau watu weusi walitaka makoloni yao yarudi, na filamu za kuwakumbusha Wajerumani Afrika zilihitaji sura za Kiafrika. Zilihitaji pia watumishi wa mahotelini, wapagazi, wapiga ngoma, watu wa kusimama na sinia nyuma ya mabwana. Mwigizaji maarufu kuliko wote katika kundi hilo alikuwa Louis Brody, mzaliwa wa Douala, Kamerun, ambaye alikuwa ameanza kuigiza tangu enzi ya filamu bubu. Wengi wa wenzake walikuwa watu wa kupita tu mbele ya kamera, na kwao studio ilikuwa mahali pa kupata mkate bila kufukuzwa mtaani.

Mahjub, aliyejulikana kule kama Bayume Mohamed Husen, alianza mwaka 1934 na filamu iitwayo Die Reiter von Deutsch-Ostafrika, maana yake wapanda farasi wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Iliongozwa na Herbert Selpin. Inasimulia walowezi katika nchi yetu wakati vita vinaanza mwaka 1914. Mahjub alipewa kuwa Mustapha, mtoto wa jeshi anayejifunza ishara.

Niliposoma hilo kwa mara ya kwanza nilirudia sentensi. Mtu wa miaka 30 anaigiza jambo alilolifanya kweli akiwa na miaka 10. Katika studio yote ile, kati ya waigizaji waliovaa sare za jeshi la Afrika Mashariki, yeye alikuwa ameivaa vita vikiwa vita, na jeraha lake alilipata humo. Na katika hadithi hiyo yeye ni mtumishi mwaminifu, jambo dogo pembeni mwa mapenzi na machungu ya wazungu.

Tangu hapo hadi mwaka 1941 alionekana katika filamu zisizopungua 20. Nyingi hazikuandika jina lake. Yumo katika Zu neuen Ufern ya mwaka 1937, pamoja na Zarah Leander, nyota mkubwa wa sinema ya Kijerumani wa miaka ile. Anaonekana, anapita, anapotea. Katika miaka ya 2010 mtengenezaji filamu Eva Knopf alitoa filamu ya kumbukumbu, Majubs Reise, yaani safari ya Majub, akamfuata katika vipande hivyo vya zamani, akimtafuta nyuma ya mabega ya mastaa. Kabla yake, mwaka 2007, mwanahistoria Marianne Bechhaus-Gerst alikuwa ameandika kitabu kizima juu ya maisha yake. Yale tunayoyajua tunayajua kwa kazi ya wanawake hawa wawili.

Kuna jambo moja linalowasumbua wanaoisikia habari yake leo, nami lilinisumbua. Mahjub alivaa sare ya askari katika mikutano ya vyama vilivyotaka Ujerumani irudishiwe Tanganyika. Alishiriki katika maonyesho ya kuzunguka miji yaliyoitwa Deutsche Afrika-Schau. Mwaka 1934 aliomba nishani ya wapiganaji wa vita vya kwanza, akanyimwa, akavaa nishani hata hivyo. Vita vya pili vilipoanza mwaka 1939 alijitolea kuingia jeshini, nako wakamkataa.

Ni rahisi kumwita kibaraka. Mimi siwezi. Ukiyatazama madai yake yote kwa pamoja, mshahara, nishani, nafasi jeshini, unaona mtu mmoja akigonga mlango ule ule kwa miaka kumi akisema: nilikutumikieni, nilimwaga damu Mahiwa nikiwa mtoto, nipeni haki yangu. Uaminifu wake ulikuwa ndio hati pekee aliyokuwa nayo. Karatasi za wenzake waliopita kwenye ziwa hili mwaka 1918 hazikuwa na thamani zaidi. Na kumbuka pia alikuwa na nyumba ya kulisha.

Kazi yake ya mwisho ndiyo kubwa kuliko zote, na ndiyo chungu zaidi. Mwaka 1941 ilitoka filamu ya Carl Peters, iliyoongozwa na Selpin yule yule, na Hans Albers, kipenzi cha watazamaji wa Kijerumani, akiwa ndiye Peters. Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa Peters ni nani. Ndiye aliyepita Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami mwaka 1884 akikusanya alama za machifu katika karatasi za Kijerumani. Ndiye aliyewanyonga huko Kilimanjaro mtumishi wake Mabruk na msichana Jagodja, hadi serikali yake yenyewe ikamfukuza kazi mwaka 1897. Wahenga walimpa jina la Mkono wa Damu. Hitler alimsafisha mwaka 1937, na filamu hii ilikuja kumfanya shujaa.

Mahjub aliigiza Ramasan, mwongoza njia wa Peters. Katika miaka ile filamu za aina hiyo zilijazwa pia na watu weusi waliokamatwa vitani katika jeshi la Ufaransa, wakatolewa kambini kuja kuwa Waafrika wa sinema. Hebu fikiria uwanja huo wa kupigia picha: mateka wa Senegali na kwingineko wanaambiwa washangilie, na mwana wa Dar es Salaam anamwongoza Mkono wa Damu njiani, kwa Kijerumani safi.

Wakati huo Mahjub alikuwa na uhusiano na mwanamke Mjerumani asiye mkewe. Akashitakiwa kwa polisi wa siri, Gestapo, wakamkamata mwaka 1941. Kosa liliitwa kuchafua damu ya Kijerumani. Hakufikishwa mbele ya hakimu. Alipelekwa kambi ya Sachsenhausen, kaskazini ya Berlin, na alikaa humo miaka mitatu. Hata Selpin, aliyemwongoza katika filamu yake ya kwanza na ya mwisho, alikamatwa mwaka 1942 kwa maneno aliyoyasema juu ya wanajeshi, akakutwa amekufa mahabusu.

Mahjub alikufa Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Ilibaki siku moja kutimia miaka 26 tangu siku ile ya Abercorn. Alikuwa na miaka 40. Watoto wake, Ahmed, Annemarie na Bodo, hakuna aliyefika utu uzima. Wa mwisho, Bodo, alikufa mwaka 1945. Mabaki ya baba yao yalizikwa Reinickendorf, Berlin.

Miji ya Ujerumani ina desturi iliyoanzishwa na msanii Gunter Demnig: mbele ya nyumba ya mtu aliyeuawa na Manazi hufukiwa jiwe dogo la sentimita 10 kila upande, uso wake shaba, limelala sawa na njia ya waendao kwa miguu. Mwaka 2007 jiwe la namna hiyo liliwekwa Brunnenstraße namba 193, mahali alipokaa na Maria. Huanza kwa maneno mawili, hapa aliishi. Chini yake, kwanza kabisa, limeandikwa jina alilopewa na wazazi wake Dar es Salaam. Jina la sinema limefuata baadaye, ndani ya mabano.